Adhabu ya Kisiki: Hadhi ya Kazi za Mazingira katika Malezi ya Mtoto wa Shule ya Msingi Tanzania

Mjadala wa viboko katika shule za Tanzania una umri mrefu, na kwa upande wa kanuni umesimama palepale: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini, na tukio liandikwe kitabuni. Sisi tunaopinga viboko huulizwa na walimu swali moja: tukiweka fimbo chini, tushike nini? Jibu lililozoeleka kwenye semina ni orodha ya adhabu mbadala. Mchelewaji afagie uwanja, mpiga kelele amwagilie miti, mtoro afyeke nyasi, waliopigana wachimbe shimo la taka. Orodha hiyo hupokewa kwa ahueni na pande zote. Mwalimu habaki mikono mitupu, mtoto anaepuka fimbo, na shule inapendeza. Anayeumia katika mapatano hayo hayupo ukumbini: ni mwalimu wa darasa la kwanza ambaye kesho yake asubuhi atasimama kuwaambia watoto kwamba kumwagilia mti ni jambo jema.

Dai la makala hii ni kwamba mtoto mdogo hujifunza thamani ya mazingira kutokana na hadhi ya kazi anayoiona ikifanywa kwa ajili ya mazingira hayo, kuliko anavyojifunza kutokana na maelezo anayopewa kuyahusu. Kazi ikitolewa kama amana, mtoto huona kuna kitu cha kulindwa. Ikitolewa kama adhabu, huona kuna kitu cha kuepukwa. Shule zetu nyingi hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kisha sisi watafiti tunashangaa kwa nini mtoto anayejibu vizuri maswali ya mtihani kuhusu utunzaji wa miti huvunja tawi akitoka nje.

Kuhusu malengo hakuna ugomvi. Tangu Hati ya Belgrade ya mwaka 1975 na mkutano wa Tbilisi wa 1977, elimu ya mazingira inatarajiwa kuzaa uelewa, maarifa, mwelekeo, stadi na ushiriki. Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania wa mwaka 2016 ulipita njia hiyohiyo ulipoweka kutunza mazingira miongoni mwa umahiri wa mtoto. Kwamba kujua hakuleti kutenda nalo limekubalika. Kollmuss na Agyeman (2002) walilieleza kwa kina kiasi kwamba kulirudia hapa ni kujaza kurasa.

Ugomvi uko kwenye dai la mtoto kama mjumbe, yaani mfunze mtoto naye atawafunza wazazi. Dai hili linapendwa na wafadhili kwa sababu ni rahisi kuliandikia bajeti. Lina ushahidi, tena si dhaifu. Damerell na wenzake (2013) walionyesha huko Seychelles kwamba wazazi ambao watoto wao walifundishwa kuhusu ardhioevu walikuwa na maarifa zaidi na walieleza matumizi bora zaidi ya maji nyumbani. Lawson na wenzake (2019) walipata katika jimbo la North Carolina, Marekani, kwamba wanafunzi waliofundishwa mabadiliko ya tabianchi waliongeza wasiwasi wa wazazi wao kuhusu suala hilo, hasa akina baba, na mabinti walionekana kuwa na ushawishi zaidi. Sina haja ya kupinga matokeo hayo. Ninachopinga ni jinsi yanavyosomwa, kana kwamba mtoto ni mfereji: mimina maarifa juu, yatatokea chini. Katika tafiti zote mbili mtoto alirudi nyumbani na jambo la kusimulia, jambo lililompa heshima mbele ya mzazi. Hakuna aliyepelekwa kwenye ardhioevu ya Seychelles kwa kosa la kuchelewa namba.

Sobel (1996) naye alionya kwamba tusiwabebeshe watoto wadogo majanga ya dunia kabla hawajaipenda dunia yenyewe. Onyo hilo ni la haki. Dawa yake, hata hivyo, inamdhania mtoto ambaye hana kazi: kwanza acheze msituni, azoeane na viumbe, wajibu utakuja baadaye. Mtoto wa miaka saba wa kijiji cha wilaya ya Chamwino au Kondoa mkoani Dodoma ambaye tayari anachota maji, anatafuta kuni na kuchunga ndama hangoji kutambulishwa kwa maumbile. Ameshakutana nayo, na amekutana nayo akiwa kazini. Hapa wanaanthropolojia wametusaidia kuliko wanasaikolojia wa mazingira. Lancy (2008) ameeleza jinsi jamii nyingi duniani zinavyomlea mtoto kwa mfululizo wa kazi zinazopanda ngazi kadiri anavyokua, na Katz (2004) aliona katika kijiji kimoja cha Sudan kwamba watoto walikuwa na elimu kubwa ya mimea, udongo na mifugo, waliyoipata katika kazi na michezo iliyochanganyika na kazi. Kwetu kazi haisubiri mtoto apende kwanza.

Swali basi ni kazi gani, nani ameitoa, na kwa sababu ipi.

Kisiki

Aliyesoma shule ya bweni Tanzania bara anaijua adhabu ya kung'oa kisiki. Mwanafunzi hupewa jembe na shoka, huonyeshwa kisiki, na haruhusiwi kurudi darasani mpaka kitoke. Ni adhabu inayoogopwa kwa sababu kisiki hakidanganyiki. Uwanja unaweza kuufagia juujuu na mti unaweza kuumwagia nusu kopo, lakini kisiki ama kimetoka ama kipo. Mizizi ya migunga, kwa mfano, hushuka chini sana, na mwanafunzi anaweza kuchimba siku nzima asione mwisho wake. Wazee wa leo huisimulia adhabu hiyo kwa kicheko na fahari kidogo, kama wasimuliavyo mchakamchaka wa alfajiri na uji usio na sukari.

Sasa tazama kisiki hichohicho kwa macho ya mtaalamu wa misitu. Katika nchi kavu, kisiki chenye mizizi hai ni mti uliokwisha kupandwa. Mizizi iko, imeshafika kwenye unyevu, na kila msimu wa mvua hutoa machipukizi ambayo huliwa na mbuzi au hukatwa na jembe. Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akipanda miche huko Niger na kuiona mingi ikifa, ndiye aliyetambua mwaka 1983 kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa visiki vinavyochipua. Njia aliyoieneza haihitaji kitalu wala mche. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unalinda yaliyobaki. Eneo lililorudishiwa miti nchini Niger kwa njia hiyo hukadiriwa kufikia hekta milioni 5. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit, limekuwa likiisambaza njia hiyo mkoani Dodoma kwa jina la Kisiki Hai. Mkulima hufunga alama kwenye chipukizi alilolichagua ili kila apitaye ajue kwamba lina mwenyewe.

Shinyanga walikuwa wameshatangulia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulifufua ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue kwa ajili ya kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi, na sehemu kubwa ya miti iliyomo haikupandwa na mtu. Iliachwa ichipue.

Kwa hiyo katika mkoa mmoja na chini ya serikali moja, kitu kilekile ni hazina upande huu wa uzio na adhabu upande wa pili. Mzazi anafundishwa shambani kwamba kisiki kina uhai. Mwanawe anafundishwa shuleni kwamba kisiki ni mahali pa kulipia makosa, na kwamba mwisho mwema wa kisiki ni kung'oka.

Itasemwa kwamba mtoto wa awali au wa darasa la kwanza haadhibiwi kwa kisiki. Hiyo ni adhabu ya wakubwa. Ni kweli, na ndiyo maana hoja yangu ina uzito. Mtoto mdogo haking'oi kisiki, anaitazama adhabu. Mwanasaikolojia Rogoff ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba katika jamii ambazo watoto hawatengwi na shughuli za watu wazima, kutazama kwa makini ndiyo njia kuu ya kujifunza kabla ya mikono kuingia kazini. Mtoto wa miaka sita aketiye barazani akimwona kaka wa darasa la saba anatokwa jasho juu ya kisiki huku wenzake wanamcheka, amekwisha kupata somo la mazingira la siku ile. Lile la saa nne, lenye picha ya mti ubaoni, ni la pili.

Kuna jaribio la zamani ambalo wanaelimu wetu wa mazingira hawalitaji, nami sijui kwa nini. Lepper, Greene na Nisbett (1973) waliwachukua watoto wa shule ya chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walikuja kuchora kwa hiari kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa kitu. Zawadi iligeuza mchezo kuwa kibarua. Jaribio hilo halikuhusu adhabu, na kulivusha mpaka huku kunahitaji tahadhari. Lakini ikiwa zawadi, ambayo ni kitu kitamu, iliweza kupunguza mapenzi ya mtoto kwa jambo alilolipenda, ni vigumu kuona jinsi ambavyo adhabu ingeyaongeza.

Majani makavu na mti wa tarehe 5 Juni

Adhabu ni sehemu ya tatizo tu. Hata pale ambapo kazi ya mazingira hufanywa na wote kwa zamu bila kosa la mtu, mara nyingi kazi yenyewe ni usafi, na usafi tunaoujua unaweza kupingana na uhifadhi. Uwanja wa shule hufagiliwa kila asubuhi kwa fagio la chelewa mpaka udongo ung'ae. Majani yaliyoanguka hukusanywa shimoni pamoja na karatasi, chupa na mifuko, kisha huchomwa. Mbolea inakuwa moshi. Udongo uliobaki wazi hubebwa na mvua ya kwanza, na baada ya miaka mizizi ya mwembe wa shule hutokeza juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Ufagio una sababu zake: nyoka huonekana, uwanja huchezeka, na mgeni akija huona watu wana adabu. Sisemi uachwe. Nasema mtoto aliyefundishwa kwamba jani kavu ni taka, sawasawa na kifuniko cha soda, amefundishwa kosa la sayansi kwa vitendo kila siku ya shule, na kitabu hakiwezi kulifuta.

Upandaji miti nao una kasoro ya kalenda. Siku ya Mazingira Duniani huangukia tarehe 5 Juni, na shule nyingi huiadhimisha kwa kupanda miche mbele ya mgeni rasmi. Mkoani Dodoma mvua huwa zimekwisha tangu Aprili, hazitarajiwi tena hadi mwisho wa mwaka, na shule hufungwa siku chache baada ya sherehe. Mche unapandwa mlangoni mwa kiangazi na waliopanda wanakwenda likizo. Mtoto anaporudi Julai anakuta kijiti. Akiona hivyo miaka mitatu mfululizo, atakuwa amejifunza kwamba kupanda mti ni sherehe, kama kukata keki, na kwamba keki haitarajiwi kuwapo kesho. Siku ya Kitaifa ya Upandaji Miti, tarehe 1 Aprili, haiokoi sana mikoa ya kati, maana mvua za huko nazo ziko ukingoni.

Wangari Maathai alilijua tatizo hili. Harakati ya upandaji miti aliyoianzisha Kenya mwaka 1977 iliwalipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopandwa tu haukuhesabiwa. Tofauti hiyo ndogo ya uhasibu ndiyo iliyofanya mche uwe na mwenyewe. Sipendekezi watoto walipwe. Lepper na wenzake wangeniumbua. Napendekeza kinachohesabiwa kibadilike. Taarifa za shule hutaja miti iliyopandwa kwa sababu ndivyo fomu inavyouliza.

Nyumbani

Evans, Otto na Kaiser (2018) waliwafuatilia watoto wa New York kutoka umri wa miaka 6 hadi 18 na kukuta kwamba mambo mawili ya utotoni yalihusiana na utunzaji wa mazingira ukubwani: muda ambao mtoto alikaa nje, na mwelekeo wa mama yake kuhusu mazingira. Kwa wengi wetu, la kwanza si tatizo. Mtoto wa Kitanzania yuko nje kutwa. La pili ndilo la kuliangalia, na hapa nyumba za Watanzania zina desturi ambayo shule ingeiiga. Mtoto mdogo huambiwa: kuku huyu ni wako. Akitaga, mayai ni yako. Akiangua, vifaranga ni vyako. Mwewe akivichukua, umezembea wewe. Hakuna anayemfundisha ikolojia, lakini baada ya mwezi anajua kuku anakula nini, analala wapi, na kenge hupitia upande gani. Amepewa mamlaka pamoja na kazi.

Nyumba hiyohiyo, bila shaka, haina usafi wa malaika. Taka huchomwa jioni nyuma ya jiko, maji na kuni huangukia mabega ya mtoto wa kike hata pale kaka yake anapocheza chandimu, na kuna akina mama wanaotuma watoto kisimani kwa hasira kama vile mwalimu anavyowatuma kufyeka. Hata hivyo nyumbani kazi huonekana ina mwisho wake: maji yanapikiwa, kuni zinawaka, yai linaliwa.

Mfano wa mifuko ya plastiki unaonyesha jinsi maarifa yanavyosafiri kweli. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya rambo kuanzia tarehe 1 Juni 2019, si watoto waliowafundisha wazazi. Muuza duka aliacha kuitoa, mama akatafuta kikapu, na mtoto aliyetumwa sukari akaondoka na kikapu. Mtu mzima alibadilika kwanza, kwa kulazimishwa, na mtoto akajifunza kwa kutumwa. (Waliopata hasara ya haraka walikuwa wacheza mpira wa mitaani, ambao rambo zilikuwa tumbo la mpira wao. Hakuna aliyewashauri.)

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba hoja hii inawarudishia walimu fimbo. Hairudishi. Kosa la kuchelewa lina sababu, na mara nyingi sababu ni umbali, njaa au ndoo ya maji ya asubuhi. Hatua inayofaa ni ile inayogusa sababu hiyo. Kama lazima pawe na adhabu, mwanafunzi anaweza kunyimwa mchezo, kubakishwa baada ya masomo, au kuitiwa mzazi. Orodha ni fupi, nakiri, lakini ufupi wake si ruhusa ya kuitumia miti.

La pili ni zito zaidi: kwamba kazi za mikono ziliheshimiwa wakati wa Elimu ya Kujitegemea, na kwamba ninachokiita adhabu ni uvivu wa kizazi kipya. Anayesema hivyo aisome tena hati ya Nyerere ya Machi 1967. Shamba la shule alilolieleza lilikuwa la wanafunzi kwa maana kamili: washiriki kupanga, wakubali matokeo ya makosa yao, wafaidi mapato. Kilichobaki baadaye katika shule nyingi ni jembe, bila mipango na bila mapato. Roots & Shoots, programu ya vijana ya mazingira iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa vijana kumi na wawili waliokutana nyumbani kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall, ilishika sehemu ile iliyodondoka, kwa kuwa vijana wenyewe ndio huchagua la kufanya. Nao Wajapani, ambao watoto wao husafisha madarasa kila siku, wanathibitisha kwamba ufagio peke yake hauna kosa. Kule husafisha wote, aliyewahi na aliyechelewa, na mara nyingi mwalimu yumo.

Ninachokipendekeza kwa shule za mikoa mikavu ni kidogo. Kazi zote za miti, udongo na maji ziondolewe katika orodha ya adhabu, kwa waraka. Kila darasa la chini lipewe visiki vichache ndani ya eneo la shule, kila kikundi na chake. Machipukizi yachaguliwe na watoto, kisu kishikwe na mwalimu. Hesabu ya miti ifanywe mwezi Novemba, kiangazi kikiwa kimekwisha kutoa hukumu yake, na fomu iulize mingapi iko hai. Majani makavu yawe na shimo lake, mbali na plastiki. Sidai kwamba hayo yatazaa kizazi cha wahifadhi. Nadai kwamba yataondoa mkanganyiko ambao hakuna silabasi itakayoushinda ukiendelea kuwapo.

Kikwazo kikubwa hakitokani na imani za walimu. Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada, na ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu. Kwa fedha hiyo shule haimwajiri mfagizi wala mtunza bustani. Uwanja lazima ufagiliwe, vyoo lazima vioshwe, nyasi lazima zifyekwe kabla mkaguzi hajafika, na nguvukazi iliyopo ya bure ni ya watoto, hasa wale wenye makosa. Shule ya namna hiyo inawahitaji wachelewaji. Siku wote watakapowahi namba, mwalimu wa zamu atalazimika kumtafuta mkosaji wa kumwagilia miti, na atampata.